Bega la Dada na Mikono Isiyo Yangu

Jumatatu, 3 Machi

Dada kapiga simu saa moja asubuhi, sijavaa hata soksi ya pili. Bega lake la kulia limeganda. Si kuuma tu. Limeganda! Mkono unafika usawa wa kidevu, basi, hapo ndiyo mwisho wa safari. Mwezi wa pili huu anaandika nusu ya chini tu ya ubao. Darasa la tano wamempa jina: Mwalimu wa Ghorofa ya Chini. Wanaokaa nyuma husimama juu ya madawati ili waone, na Ijumaa mmoja kaanguka.

Mwalimu mkuu kampa wiki mbili. Jumatatu ya tarehe 17 atakuja kukaa nyuma ya darasa, na kama ubao bado ni nusu, dada atahamishiwa stoo ya vitabu, akapange vilivyotafunwa na panya mpaka siku ya kustaafu. Miaka ishirini na sita ya chaki! Alinieleza yote hayo kwa sauti ya kawaida kabisa, ile ya kuita mahudhurio. Hapo ndipo nilipojua kwamba alikuwa amelia.

Halafu akasema anashukuru Mungu kwamba katika ukoo wetu kuna daktari.

Daktari mwenyewe ni mimi.

Naomba shajara inielewe. Sikudanganya. Miaka miwili iliyopita nilipata kazi kwenye kliniki ya tiba ya Kichina, pale juu ya duka la miwani. Kwenye shughuli ya kifamilia shangazi akauliza nafanya nini huko, ni daktari? Mdomo ulikuwa umejaa keki. Nikaguna. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Nilipomaliza kumeza, watu watatu walikuwa wameshapandisha suruali kunionyesha magoti.

Kazi yangu hasa ni mapokezi. Kuandika majina. Kupokea simu. Kuosha vikombe vya kuumikia, vile vya kioo vinavyonyonya ngozi ya mgongo. Kuhesabu sindano zikiingia mwilini, na kuzihesabu tena zikitoka. Na penseli. Nyuma ya mlango wa chumba cha pili, kila mgonjwa wa bega hupandisha vidole ukutani mithili ya buibui, na vinapoishia mimi huchora mstari na tarehe. Mtu aliyekabidhiwa penseli si mtu mdogo.

Nikamwambia dada asiwe na wasiwasi. Kesho jioni nakuja mwenyewe.

Jumanne, 4 Machi

Aibu. Sitaandika kwa undani.

Naandika kwa undani.

Nilikwenda na mkoba. Ndani: gilasi mbili zilizokuwa za jamu, pamba, spiriti, kiberiti. Vikombe vya kliniki nisingethubutu kuvigusa. Daktari huvihesabu kila jioni. Huyu ni Daktari wa kweli, bosi wangu, mwanamke aliyesomea fani hii miaka sita hukohuko China na ambaye hacheki kabla ya saa nne asubuhi.

Nimemwona akiumika watu mara elfu. Pamba inawashwa, moto unaingia ndani ya kikombe, unatoka, kikombe kinabandikwa. Nikafanya hivyo hivyo. Gilasi ikashika! Nikajiona mtu. Shemeji, mume wa dada, akazima televisheni ili aangalie.

Balaa lilikuwa kwenye kuitoa. Ngozi ilikuwa imeumuka mle ndani, nyekundu, inang'aa. Nikavuta gilasi. Dada akaja pamoja nayo. Nikavuta tena. Tukazunguka meza. Shemeji akaenda jikoni, akarudi na kijiko, akabonyeza ngozi pembeni, hewa ikaingia, pwaa! Akaniuliza kwa upole kama na huko kliniki wanatumia kijiko. Nikasema inategemea.

Ningeishia hapo. Mkoba nilishaushika. Lakini shemeji alikuwa anatabasamu, na tabasamu la shemeji huwa linanifanya niseme mambo. Nikasema sasa tunanyoosha kiungo. Nikamshika dada mkono, nikakumbuka namna Vidole, mkandaji wetu, anavyofanya. Nikainua. Haukuinuka. Nikauvuta.

Sauti aliyotoa dada sijaisikia tangu siku tuliyomzika mama.

Sasa mkono haufiki hata kidevuni. Hawezi kujifunga vifungo. Shemeji alimfungia blauzi mbele yangu, kifungo kimoja kimoja. Na dada, jasho linamtiririka, ananitetea! Anamwambia mumewe dawa ya kweli sharti iume kwanza. Akanishika mkono kwa ule mkono wake mzima. Akasema, "Asante, Dokta."

Nimerudi nyumbani kwa miguu. Sikustahili kupanda kitu.

Jumatano, 5 Machi

Dada kaja na ufafanuzi wake. Nyumbani hakuna vifaa, ndiyo maana. Anataka kuja kliniki nimtibu ipasavyo. Kesho, baada ya vipindi.

Nilifungua mdomo niseme ukweli. Likatoka neno "karibu sana."

Bahati ninayo, lakini. Daktari anasafiri kesho alfajiri kwenda mafunzoni, hadi Alhamisi ijayo. Wagonjwa wa sindano wameahirishwa. Wa kukandwa wanaendelea. Kwa hiyo kliniki ni mimi na Vidole.

Vidole haoni tangu utotoni. Alijifunza kukanda kwenye chuo cha wasioona huko China, ambako, anavyosimulia, kazi hii ni yao siku nyingi, na mwenye macho akija kuiomba anaonewa huruma. Humtambua mgonjwa kwa bega kabla hajataja jina. Mimi alinitambua kwa uvivu. Anasema jengo zima hakuna mwingine anayeburuta kiti badala ya kukiinua.

Mpango ulinijia nikikunja taulo. Kitanda cha kukandia! Kina tundu la uso. Mgonjwa analala kifudifudi, uso tunduni, anachoona ni sakafu na ncha za viatu. Mikono ya nani? Hajui! Vidole akande, mimi niongee. Mikono yake, sauti yangu. Tukiunganishwa, daktari mmoja kamili.

Vidole alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. Akaniuliza kama akili hii nilizaliwa nayo au niliipata ukubwani. Kisha akataja masharti. Kwanza, taulo na shuka zote nifue mimi mwezi mzima. Pili, kurasa za michezo nimsomee kila mchana pamoja na magoli tuliyofungwa, maana amegundua timu yangu haijapoteza mechi tangu nianze kumsomea gazeti. Tatu, nimweleze bega hilo limefanywa nini mpaka sasa. Hawezi kuweka mikono mahali asipopajua.

La kwanza, sawa. La pili, linauma, lakini sawa. La tatu, nikamwambia halijaguswa na mtu.

Alhamisi, 6 Machi

Nimevaa koti jeupe la Daktari. Mikono imeishia kwenye viwiko. Viatu tumebadilishana, kwa sababu ya lile tundu: dada anavijua viatu vyangu vya kahawia, alininunulia yeye. Vidole alivivaa, akasema vina joto la mtu mwenye kesi. Mimi nikabaki na kandambili zake, visigino vinaning'inia nje.

Dada kafika na vumbi la chaki kwenye sketi. Akanitazama ndani ya koti. Macho yakamjaa. Akasema laiti mama angekuwepo aone. Nikageukia kabati la taulo haraka, nikahesabu taulo ambazo nilikuwa nimeshazihesabu.

Akalala kifudifudi, mkono mbovu unaning'inia pembeni ya kitanda. Vidole akanyata, akaingia. Mikono ikatua begani. Nami nikaanza: baridi imeingia kwenye kiungo, njia za nguvu mwilini zimeziba, tunazizibua. Yote nimeyasikia kwa Daktari kupitia mlangoni. Nikaongeza kwamba Wachina wana jina lao kwa shida hii, wanaiita bega la miaka hamsini. Kutoka tunduni dada akasema yeye ana hamsini na moja, na Wachina washike adabu zao.

Mambo yalikuwa yanakwenda!

Ghafla Vidole akasita. Alikuwa amefika pale nilipovuta. Vidole vyake vikatulia, vikarudi nyuma, vikapapasa tena polepole, anasoma. Kuongea haruhusiwi. Kwa hiyo akanyoosha mkono mmoja, akalitafuta paja langu, akalipata, akalifinya. Nimewahi kufinywa na mama, na walimu, na mke wangu. Sijawahi kufinywa na mtaalamu. Nikapiga yowe. Dada akauliza kuna nini. Nikasema nimehisi maumivu yake yakihamia kwangu. Akasema, "Pole mdogo wangu, usijiumize kwa ajili yangu."

Halafu simu ya mapokezi ikaita. Hakuna mwingine wa kuipokea. Nikatimua mbio na kandambili. Nimeshaanza kutaja saa za kufungua ndipo nikakumbuka kwamba mgonjwa wangu anakandwa huku daktari wake anasikika chumba cha mbele. Niliporudi dada akauliza mbona sauti ilikuwa mbali na mikono iko hapa. Nikasema ni hilo tundu. Linapeleka sauti.

Mwisho, ukuta. Dada akapandisha vidole, anauma mdomo, macho kafumba. Vikaishia juu kidogo tu ya kitasa cha mlango. Kitasa! Siku tatu nyuma mkono huu ulikuwa unafika kidevuni. Sikuweza kuchora pale. Nikachora kiganja kizima juu zaidi. Akafumbua macho, akauona mstari, akatabasamu kama msichana aliyefaulu mtihani. Akauliza, kweli nimefika hapo? Nikasema penseli hii haijawahi kumdanganya mtu.

Vidole alisubiri mpaka dada ashuke ngazi. Hakupaza sauti. Aliuliza tu ni nani aliyevuta. Nikasema mimi. Kisha akasema mikono yake miwili itafanya kazi wiki nzima kurudisha kilichoharibiwa kwa dakika moja na mtu anayeosha vikombe. Akavua viatu vyangu, akavipanga ukutani kimoja kando ya kingine, sawasawa kabisa.

Nilitamani anifinye tena.

Jumamosi, 8 Machi

Wiki ya kutisha, na bado haijaisha.

Awamu ya pili. Vidole alikanda dakika arobaini, polepole, akiuzungusha mkono kidogo kidogo kama anayefungua mtungi asiotaka kuuvunja. Mimi nilisema machache. Sauti imeanza kunikimbia. Dada alisinzia tunduni, akakoroma. Nikafurahi.

Ukutani vidole vyake vilipanda kuliko juzi. Niliona kwa macho yangu! Upana wa vidole viwili juu ya pale pa kweli. Nikataka kushangilia. Ila pale pa kweli hapana mstari. Mstari uko juu, nilipouchora mimi.

Dada akautazama. Akajaribu tena, akasukuma mpaka uso ukabadilika rangi. Haukufika, na safari hii nikachora palepale ulipoishia. Akashusha mkono, akasema taratibu kwamba kumbe anarudi nyuma.

Ningeweza kusema. Neno moja tu lilihitajika. Nikasema ukuta huu una tabia ya kupanda wakati wa joto.

Akaitikia kwa kichwa. Mwalimu mwenye miaka ishirini na sita ya chaki, anayefundisha sayansi, akakubali kwamba ukuta umepanda, kwa kuwa daktari kasema.

Vidole alikuwa anasikiliza nyuma ya pazia. Dada alipoondoka alisema maneno mawili: "Umemwibia." Nikauliza nimeiba nini. Akasema, vidole viwili.

Nimefua taulo thelathini na moja. Hazikutosha.

Jumatatu, 10 Machi

Dada kaja na bahasha. Darasa la tano wamemwandikia daktari! Karatasi ya daftari, mistari imenyooka kwa rula, pembeni wamechora bega lenye mbawa. Nikasoma nimesimama:

"Kwa Daktari. Tunakushukuru kwa kumkanda Mwalimu wetu. Ijumaa aliandika karibu na tumbo la ubao. Tunaomba umalize kabla ya tarehe 17. Hatutaki aende stoo. Kule kuna panya na yeye anawaogopa ila usimwambie tumekuambia."

Nikaikunja, nikaiweka mfuko wa koti. Ilikuwa karatasi moja tu lakini koti liliegemea upande huo siku nzima.

Mkono umepanda tena. Bado uko chini ya mstari wangu. Dada hakuutazama ukuta. Alivaa sweta lake kwa shida akaaga.

Jumatano, 12 Machi

Naandika nikiwa nimeketi ndani ya kabati la shuka. Kuna taa. Si pabaya.

Awamu ya nne. Dada tunduni, Vidole kazini, mimi nahutubia. Dada aliuliza habari za sindano, kama zinauma na zinachomwa wapi. Nikamweleza kwa kirefu. Zinachomwa palepale panapouma, nikasema. Bega likiuma, begani. Hiyo ndiyo sayansi yenyewe. Mlango ukafunguliwa.

Kisha kutoka tunduni sauti ya dada: "Viatu vimekuwa jozi tatu."

Daktari! Mafunzo yameisha siku moja mapema! Alinitazama mimi ndani ya koti lake. Akatazama kandambili. Akatazama viatu vya kahawia miguuni kwa Vidole. Hakusema lolote mbele ya mgonjwa, na huo ndio ukali wake. Akamwamkia dada, akaomba ruhusa ya kumpima, akapapasa bega, akauliza limeanza lini. Halafu akaenda ukutani kusoma mistari.

Tarehe 6, juu. Tarehe 8, chini. Tarehe 10, bado chini.

Akasema hapendi anachokiona. Bega linaloshuka baada ya kukandwa linamtia shaka kwamba kuna kitu kimechanika ndani. Kukanda kusimame leo hii. Dada aende hospitali apigwe picha, mkono upumzishwe wiki tatu, kisha wataona.

Wiki tatu! Na tarehe 17 iko siku tano mbele!

Dada alibaki amelala, uso tunduni. Mimi nilikuwa naangalia sakafu, kwa sababu sikuwa na pengine pa kuangalia, nikaona tone limeanguka chini ya kitanda, karibu na kiatu changu cha kahawia. Halafu la pili.

Nikasema mstari wa juu ni wa uongo.

Likishatoka moja, yote yanafuata. Nikasema nilichora kiganja kizima kwa kujipendekeza. Nikasema mkono haujashuka hata siku moja, umepanda kila mara, Vidole ni shahidi. Nikasema kuhusu gilasi za jamu. Nikasema nilivuta. Nikasema mikono iliyokuwa inakanda haikuwa yangu, na koti si langu, na hata kandambili si zangu. Nikasema mimi ni mapokezi. Nikamalizia na keki, ingawa hakuna aliyeuliza habari za keki.

Kitanda kikaanza kutikisika. Nikadhani analia. Anacheka!

Dada akainuka, alama ya tundu imemzunguka uso. Akasema alijua tangu mguso wa kwanza. Mikono ya mdogo wake ameinawisha yeye tangu hajajua kutembea. "Ya baridi, na haijawahi kufanya kazi dakika kumi bila kutafuta mfuko wa suruali." Na mapokezi? Alijua mwaka jana. Alipiga simu kliniki aongee na Dokta, akasikia sauti yangu ikisema mapokezi hapa, tukusaidie nini. Akakata simu ili nisiaibike.

Nikamuuliza kwa nini sasa alinyamaza wiki nzima. Akasema bega lilikuwa linapata nafuu, na isitoshe hajawahi kuniona nikishughulikia jambo kwa bidii namna ile.

Kisha kicheko kikaisha. Akasema la mikono alishalisamehe siku ile ile. La gilasi, siku ya pili. "Lakini mstari sikuujua. Siku nne hizi nilikuwa najua ninaoza. Nilishaanza kuwaaga watoto moyoni."

Nilitaka sakafu ipasuke, lakini chini yetu kuna duka la miwani, wangeniona vizuri zaidi.

Daktari akafuta mstari wangu kwa kidole gumba. Akapima upya, akamwinua mkono huku na huku. Akauliza kama kuna mwenye kisukari katika familia. Mama alikuwa nacho. Akasema basi hospitali ataenda hata hivyo, apime sukari na picha ipigwe kesho, maana mabega kama haya na sukari hujuana. Picha ikiwa safi, Vidole aendelee. Halafu akamketisha kwenye kiti, akafungua sindano moja ndefu, akaichoma mguuni. Kwenye muundi!

Kwa mazoea nikasema bega liko juu.

Daktari alikuwa anaizungusha sindano taratibu huku akimwambia dada ainue mkono, pole pole, asilazimishe. Mkono ukapanda. Ukapita kitasa kwa mbali. Ukafika kidevuni. Ukapita kidevu! Dada akautazama kana kwamba ni wa mtu mwingine.

Sindano moja iliingia, moja ikatoka. Hesabu hiyo niliipata.

Jumatatu, 17 Machi

Nimekaa na simu tangu alfajiri. Dada kapiga saa sita mchana. Picha ya Alhamisi ilikuwa safi, Vidole kakanda Ijumaa na Jumamosi, sindano mbili zaidi za mguuni. Mwalimu mkuu kaja, kakaa nyuma, miguu kaipishanisha. Dada akachukua chaki. Darasa zima lilishika pumzi. Akaandika tarehe kwenye mstari wa pili kutoka juu. Herufi zilikuwa zimepinda, anasema, kama zinapanda mlima. Mstari wa juu kabisa hakuufikia. Akawaambia watoto huo ni wa muhula ujao. Daktari naye kamwambia hivyo hivyo: miezi, si siku, na mazoezi ya ukutani kila asubuhi.

Mwalimu mkuu alinakili tarehe kwenye kitabu chake, akaondoka. Stoo itabaki na panya wake.

Nimelia kidogo kwenye kabati la shuka. Ni pazuri kwa kazi hiyo.

Mimi nina barua ya onyo, na kitambulisho kipya kifuani, kikubwa kama sahani: MAPOKEZI. Dada kaahidi hatamwambia mtu, hata mumewe. Adhabu yake kwangu ni moja tu: barua ya watoto niipeleke kwa mwenyewe, na nimsomee.

Nimemsomea Vidole mchana, badala ya michezo. Alisikiliza ameweka mikono magotini. Nilipofika mwisho, sijui nini kilinipata, nikasikia mdomo wangu ukisoma: "Pia tunamshukuru mtu wa mapokezi kwa uratibu wake mzuri." Vidole akaomba nirudie. Nikarudia. Akasema ajabu, mara hii mtu wa mapokezi ametokea kabla ya panya. Akaomba mara ya tatu. Akasema barua hii inakua kila ikisomwa, akanyoosha mkono, akaichukua, akaitia mfuko wa shati. Atamwomba dada amsomee.

Sawa. Sawa kabisa. Nimejifunza. Kuanzia leo mimi ni mtu wa mapokezi, nitasema mapokezi, nitakufa mapokezi.

Jumapili, 23 Machi

Shemeji kaja nyumbani, peke yake. Kakaa ukingoni mwa kiti, kakohoa. Kasema amekuja kuomba radhi. Ile siku ya kijiko alinicheka moyoni. Lakini ameona kwa macho yake, mkewe jana kaanika nguo kwenye kamba ya juu. Akasema yeye si mtu wa kukubali haraka, ila hapa amekubali. Kisha akashuka sauti. Ana goti. La kushoto. Ngazi anazishuka kwa ubavu kama kaa, na kazini wameanza kumwiga. Akaniita Dokta. Shemeji! Miaka kumi na tisa hajawahi kuniita hata kwa jina langu bila kutabasamu.

Nilifungua mdomo nimwambie. Nikatafuta kisingizio, mdomo ulikuwa mtupu, hata kipande cha keki hamna.

Nikaguna.

Jumatano mchana Daktari huwa na wagonjwa wa majumbani. Vidole sijamwambia bado. Atadai shuka za miezi mitatu, na atazipata. Kitambulisho kinafunikwa na koti. Viatu vya kahawia nimeshavipiga rangi.

Nimemwelekeza shemeji aje Jumatano hiyo, alale kifudifudi, uso tunduni, asigeuke. Yeye hajawahi kuninawisha mikono. Hataijua.